Maiki mbili, mdomo mmoja

Mwaka 2024 ilitimia miaka 50 tangu Grateful Dead, bendi ya California, isimamishe mtambo wake wa spika, "Ukuta wa Sauti", ukiwa kamili katika ukumbi wa Cow Palace, Daly City. Ilikuwa tarehe 23 Machi 1974. Wanaousimulia huanza na spika zake takriban 600 na uzito wa tani zipatazo 75. Maiki hawazitaji, na bila maiki zile ukuta usingewashwa hata dakika moja.

Wazo la kuweka spika zote nyuma ya wanamuziki lilikuwa la Owsley Stanley, mtu aliyewahi kufungwa kwa kutengeneza dawa ya kulevya ya LSD. Alitaka bendi isikie kile kile anachosikia mwenye tiketi. Fundi mitambo yeyote wa muziki wa dansi angemcheka. Maiki ikitazamana na spika, sauti huingia, hukuzwa, hutoka, huingia tena, na ukumbi mzima huziba masikio kwa lile yowe.

Dawa yake ilipatikana kwa wahandisi wa bendi, akiwemo Ron Wickersham wa kampuni ya Alembic. Kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizofanana, moja juu ya nyingine, zimeachana kwa sentimita kama 6. Aliimbia moja tu. Ya pili ilikuwa imegeuzwa nyaya, chanya mahali pa hasi. Zilipounganishwa, kilichoingia zote mbili kwa kiasi sawa, yaani kishindo cha ukuta, kilijifuta. Kilichoingia moja kilibaki: sauti ya mwimbaji.

Hesabu ilikubali, midomo ikagoma. Mwimbaji alilazimika kuibusu maiki usiku kucha, maana akirudi nyuma kidogo sauti yake ilizifikia zote mbili, ikafutwa pamoja na kelele. Hata alipokaa vizuri, ilitoka nyembamba, haina kifua. Sikiliza kanda za mwaka ule: besi ya Phil Lesh unaihesabu uzi kwa uzi, kisha Jerry Garcia anaingia kama mtu anayeimba kwenye simu. Ndiyo kusema mtambo mkubwa kuliko yote wa enzi zake ulimwonea mwimbaji. Hata hivyo nawavulia kofia, kwa sababu walilitafuta tatizo kwenye waya. Kwetu maiki ikilia, fundi hushusha sauti na kumkaripia mwimbaji.

Gharama ziliishinda bendi. Oktoba 1974, baada ya maonyesho ya Winterland, San Francisco, ukuta ulivunjwa, na waliporudi kwenye ziara 1976 walikuja bila huo. Siku hizi waimbaji wengi hujitia vispika masikioni, wakajisikia bila spika kutazamana na maiki. Mwaka 2021 baadhi ya mabaki ya ukuta yalipigwa mnada na Sotheby's.