Kidhibitijoto na kikomo cha joto

Thamostati tumezoea kuiita kidhibitijoto, na jina hilo halina ubaya. Fundi wa Bunia aliyesomea ufundi kwa Kifaransa atasema termosta na ataeleweka. Taabu huanza pale jina hilo linapobandikwa kila kifaa chenye namba za joto kilichofungwa kwenye boila.

Chukua mtambo wa kupasha maji ya bwawa la kuogelea. Kipimajoto huonyesha tu, hakiamui lolote. Thamostati ndiyo inayoamua: maji ya bwawa yakishuka hadi nyuzi 27 za Selsiasi inawasha moto, yakifika 28 inauzima. Pengo hilo la nyuzi moja ni la makusudi, la sivyo boila lingewaka na kuzimika kila mara mpaka vifaa vichoke. Kisha kuna kikomo cha joto, ambacho huangalia maji ya boila lenyewe, si ya bwawa. Thamostati ikikwama, kikomo hukata moto, na kwa kawaida hauwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono. Nacho kikiitwa kidhibitijoto, fundi anayetafuta “kidhibiti kibovu” anaweza kukiruka kwa waya, na hapo ulinzi umekwisha.

Bunia ina sababu yake ya kukitazama kikomo kwa makini. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yasiyo kwenye shinikizo huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Kikomo cha nyuzi 95 kingetosha kule Boma, karibu na bahari. Bunia, kwenye boila la wazi, kinabakiza nyuzi moja hivi kabla ya mvuke. Mimi ningekishusha hadi 85.

Jina thamostati lilitoka kwa Andrew Ure, mkemia Mskoti aliyepata hataza ya kifaa hicho mwaka 1830, kwa maneno ya Kigiriki ya joto na kusimama. “Kudhibiti” kwetu kuna nguvu zaidi, na labda ndiyo maana watu huzungusha swichi hadi 40 wakidhani maji yatapata moto upesi. Hayapati. Mita moja ya ujazo hutaka takriban kilowati-saa 1.16 ipande nyuzi moja. Bwawa la mita za ujazo 100, kwa boila la kilowati 50, litachukua zaidi ya saa mbili kwa kila nyuzi, swichi iwe 28 au 40. Ikiachwa 40, boila litaendelea kula dizeli hata bwawa likishapita 28.