Seli dendriti, au seli za matawi

Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, walieleza seli waliyoikuta katika wengu wa panya. Ilikuwa imetoa mikono kila upande, wakaipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Vitabuni tunaandika "seli dendriti". Mimi huongeza papo hapo "seli za matawi": aliyeuona mbuni usiopogolewa, Bukoba au Muleba mkoani Kagera, ameshaijua sura yake. "Seli mjumbe" lingetaja kazi yake vizuri zaidi, ila tayari tuna RNA mjumbe, na mkanganyiko huo utamwumiza mwanafunzi.

Kazi yenyewe ni hii. Virusi vya mafua vikivamia njia ya hewa, seli za matawi zilizotanda humo hunyakua vipande vyake, huhama mapafuni na kwenda kwenye tezi za limfu za kifuani. Huko huvionyesha kwa seli T, ambazo nazo ni seli za kinga. Nyingi hupita bila kuvitambua. Ile ambayo kipokezi chake kinaoana navyo hunasa, hugawanyika mara nyingi, na baada ya siku kadhaa kizazi chake huenda mapafuni kuua seli zilizoambukizwa. Seli T nyingine huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili. Chanjo ya mafua inayochomwa begani hupita njia hiyohiyo, safari hii hadi tezi za kwapani, ndiyo maana kwapa huweza kuvimba na kuuma.

Kagera ina sababu ya kuijua seli hii kwa upande wake mchungu. Machi 21, 2023 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Bukoba. Hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2, wagonjwa walikuwa tisa na sita kati yao walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Virusi vya Marburg huingia mapema ndani ya seli za matawi zenyewe. Protini yao iitwayo VP35 huzuia interferoni, kemikali ya tahadhari, na seli iliyoambukizwa haikomai ipasavyo. Seli T haziamshwi kama inavyotakiwa. Kwa hiyo anayeeleza Marburg kwa Kiswahili asiishie kusema kinga ya mgonjwa "ilikuwa dhaifu". Mtu mwenye afya njema kabisa naye hukumbwa, kwa kuwa virusi vimeishika seli ileile iliyopaswa kutoa taarifa.