Kikuza Sauti Kilichotoka Darini

Yamkini nyumbani kwenu mna redio kuukuu isiyolia tena, iliyowekwa juu ya kabati na kusahauliwa. Ukiifungua kwa bisibisi, utaona spika yake, na karibu na spika utaona kibao chembamba chenye vipande vidogo vilivyotiwa lehemu. Miongoni mwa vipande hivyo mna chombo ambacho kazi yake ni kupokea mkondo dhaifu wa umeme uliobeba sauti, na kutoa mkondo wenye nguvu za kutosha kuitikisa spika. Hicho ndicho kikuza sauti. Mwanafunzi wa leo aweza kuunda kimoja mezani kwake kwa jioni moja, tena kwa fedha kidogo. Lakini usidhani, msomaji, kwamba wepesi huo ulikuwapo tangu mwanzo. Ulitafutwa kwa miaka mingi, na wengi walioutafuta walikuwa watu waliojifungia vyumbani mwao usiku, hali wenzao wamelala.

Kabla hatujaanza safari, yafaa tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani kuwa kikuza sauti huivuta sauti ndogo mpaka ikawa kubwa, kama mtu avutaye mpira. Sivyo. Fikiri habari za tangi la maji lililo juu ya mnara, na bilula chini yake. Mkono wa mtoto waweza kuifungua na kuifunga bilula hiyo, na maji yakatoka kwa nguvu nyingi au chache kama mkono unavyotaka. Walakini nguvu ya maji si ya mtoto, ni ya tangi. Katika kikuza sauti, tangi ni betri. Sauti dhaifu ni mkono tu. Basi kazi yote ilikuwa kuivumbua bilula ya umeme, yaani kitu kitakachouruhusu mkondo dhaifu uuongoze mkondo wenye nguvu.

Mwaka 1904, huko London, John Ambrose Fleming alitengeneza taa ya kioo iliyotolewa hewa, yenye uwezo wa kuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ilikuwa mlango, lakini haikuwa bado bilula. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza ndani ya taa ya namna hiyo kipande cha tatu cha waya, kama wavu mdogo, katikati ya waya wa moto na bamba. Umeme kidogo ukitiwa katika wavu huo, ule mwingi upitao kwenda katika bamba huongezeka au hupungua. De Forest alikiita chombo chake Audion. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua sawasawa kilivyofanya kazi. Alishikilia kwamba hewa kidogo iliyobaki ndani ya kioo ilikuwa ya lazima, kumbe hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikikisumbua.

Hapa ndipo aingiapo kijana wa Yonkers, mji ulio kando ya mto Hudson, kaskazini ya New York. Jina lake Edwin Howard Armstrong, aliyezaliwa mwaka 1890. Chumba chake kilikuwa darini katika nyumba ya wazazi wake, nacho kilijaa nyaya na vifaa vya simu ya upepo. Hata uwanjani alisimamisha kwa mikono yake mlingoti wa futi 125 ili kuzinasa ishara za mbali. Mchana alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Columbia, na jioni alirudi darini. Wakati wengine waliitumia Audion bila kuuliza maswali, yeye aliipima. Aliutazama mkondo uingiao na mkondo utokao, akaona kwamba ule utokao bado una umbo la sauti ile ile. Akajiuliza: itakuwaje nikiirudisha sehemu yake mlangoni, ipate kukuzwa tena, na tena, mara maelfu kwa nukta moja?

Mwezi wa Septemba 1912 alijaribu. Ishara ambazo hapo kwanza zilisikika kwa shida, mtu akikaza sikio, zikawa zalia chumbani pote hata vyombo vya kusikilizia vikiwa juu ya meza. Alimwamsha dada yake mdogo usiku huo kwa furaha. Aligundua pia kwamba akizidisha kurudisha, chombo huacha kukuza na kuanza kulia chenyewe kwa mlio mkali. Jambo hilo wewe mwenyewe umelisikia, kila mara mzungumzaji mkutanoni anapokisogeza kipaza sauti mbele ya spika.

Kijana alitaka hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, yaani hataza, lakini fedha hakuwa nazo. Baba yake alikataa kumpa mpaka amalize masomo. Basi akafanya alichoweza: mwezi wa Januari 1913 alipeleka mchoro wake kwa mthibitishaji wa hati, ukapigwa muhuri wenye tarehe. Ombi lenyewe alilipeleka baadaye mwaka huo huo. Kuchelewa huko kulimgharimu sana. De Forest naye alidai kwamba uvumbuzi ni wake, kwa sababu daftari la msaidizi wake la Agosti 1912 lilieleza mlio uliosikika katika majaribio yao. Kesi ikaendelea miaka na miaka, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest haki kwa mara ya pili.

Wahandisi wengi waliona kwamba mahakimu hawakulielewa jambo waliloliamua. Kuusikia mlio ni jambo moja, na kuijua sababu yake, hata mtu akaweza kuutawala, ni jambo jingine kabisa. Mwaka huo huo Armstrong alisafiri kwenda katika mkutano wa chama cha wahandisi wa redio ili airudishe nishani waliyompa mwaka 1917 kwa kazi hiyo. Viongozi wa chama walikataa kuipokea. Mimi huona kukataa huko kuwa hukumu bora kuliko ile ya mahakama, ingawa haikumpatia hata senti moja.

Simu za masafa marefu nazo zilihitaji vikuza sauti vingi kando ya nyaya, na kila kimoja kiliongeza uchafu wake katika sauti. Harold Black, mhandisi aliyekuwa na kazi New York, alihangaika na jambo hilo kwa miaka kadhaa. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini, jawabu lilimjia ghafula, akaliandika juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo mkononi. Wazo lake lilikuwa lile la Armstrong lililogeuzwa kichwa chini: sehemu ya sauti irudishwe mlangoni, lakini irudishwe kinyume, ipate kupunguza badala ya kuongeza. Nguvu nyingi hupotea, lakini uchafu hupotea pamoja nazo. Wakaguzi wa hataza hawakumwamini upesi; ilimchukua zaidi ya miaka 9 kuipata.

Kwa watu wa nyumbani, tunda la wazo hilo liliiva baada ya Vita vya Pili. Mwezi wa Aprili na Mei 1947, gazeti la Kiingereza liitwalo Wireless World lilichapisha makala za D. T. N. Williamson, zenye mchoro na vipimo vya kikuza sauti cha wati 15 ambacho kasoro yake haikufika sehemu moja katika elfu. Mchoro ulikuwa wazi kwa kila msomaji. Kutoka Uingereza hata Australia, watu walitoboa mabamba ya bati jikoni, wakalehemu, wakasikiliza. Hakikuwa chombo rahisi: transfoma yake ilikuwa ghali, na volti zake zilipita 400, ziwezazo kuua. Watu walijenga hivyo hivyo.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walikuza sauti ya mtu kwa kipande kidogo cha jermaniamu, bila kioo wala waya wa moto. Ndiyo transista ya kwanza. Mwaka 1953 kampuni ya Raytheon ilianza kuwauzia watu wa kawaida transista iliyoitwa CK722 kwa dola 7 na senti 60. Kabla ya mwaka 1960 bei yake ilishuka ikawa chini ya dola moja. Sasa betri ndogo ilitosha, na hofu ya zile volti 400 ikaondoka.

Turudi basi mezani kwako. Tafuta kipande kiitwacho LM386, chenye miguu minane, kiuzwacho katika maduka ya vifaa vya elektroniki. Ndani yake mna transista kama kumi. Betri ya volti 9 huenda mguu wa 6 na wa 4. Sauti huingia mguu wa 3, nao mguu wa 2 huungwa na wa 4. Sauti hutoka mguu wa 5 na kupitia kapasita ya maikrofaradi 220 kwenda katika spika ya omu 8. Hukuza mara 20. Kwa nini 20? Kwa sababu rezista zilizo ndani huirudisha sehemu ya sauti kinyume, kama Black alivyoandika juu ya gazeti lake. Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, marejeo hayo hupungua, na ukuzaji hupanda hata mara 200. Kisha ulaze waya wa kuingia karibu na waya wa kutoka, na huenda kikaanza kupiga kelele chenyewe. Hapo utakuwa umeusikia mlio wa Yonkers. Zitenganishe nyaya. Gusa mguu wa 3 kwa ncha ya kidole, ukiwa umetega sikio. Kama nyumba yenu ina umeme, mvumo mzito utatoka katika spika: ni umeme wa ukutani, ambao mwili wako umeunasa bila wewe kujua.