Sifuri si "Hakuna Jawabu"

Wanafunzi wetu wanaotafsiri vitabu vya hisabati hutuuliza: mlinganyo usipokuwa na jawabu, je, tuseme jawabu ni sifuri? La hasha. Historia inatufunza tofauti.

Diophantus wa Alexandria, anayekadiriwa kuishi karne ya 3, alipofikia mlinganyo 4x + 20 = 4 aliuita upuuzi, kwani x ingekuwa −4, naye hakukubali namba hasi. Mwaka 628, Brahmagupta wa India aliandika kanuni za namba hasi na za sifuri. Kwa kanuni hizo, mlinganyo uleule una jawabu.

Lakini x + 3 = x + 5 ni jambo jingine. Tukiondoa x pande zote mbili tunabaki na 3 = 5, uongo mtupu. Hakuna namba itakayoufaa, iwe chanya au hasi. Kinyume chake, 3x = 5x una jawabu, nalo ni sifuri.

Neno sifuri limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya "tupu". Huenda ndiko mkanganyiko uanziako. Hata hivyo, sifuri ni namba. Tukichanganya kauli hizi mbili katika tafsiri, mwanafunzi atakosa swali analolijua.