Mwaka tuliofunga mlango kompyuta ikibisha hodi

Najua nimeadimika. Chumba cha habari kina mambo yake, na mhariri hajui neno uchovu. Leo nimerudi na kisa cha zamani kidogo, hivyo vuta kiti.

Majuzi nilikuwa kwa babu yangu, laptopu ikagoma kuwaka. Nikalalamika weee! Kazi haijatumwa, saa zinakwenda. Babu alikuwa karani wa hesabu serikalini miaka ya sabini. Akanitazama, akacheka. "Mjukuu wangu, hizo mashine sisi tulikatazwa kabisa, na mishahara ya watu ilitoka."

Nilidhani ananitania. Nimekaa chuo kikuu miaka mitatu, hakuna mwalimu aliyenigusia habari hiyo. Nikaingia kutafuta. Kumbe mzee hana utani.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Usifikirie kitu cha kuweka mezani. Zama zile kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, na ilihitaji kiyoyozi na wataalamu wake maalumu. Hadi kufikia 1974 kompyuta nchini zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mwaka huo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Aliyeitaka ilibidi aombe kibali maalumu.

Kwa nini? Kabla hujacheka, jiweke mahali pao. Mfumo wa hesabu za serikali uliowekwa kwenye kompyuta ulikuwa umeleta matatizo makubwa, na kuuendesha kulitegemea wageni. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974. Ukame nao ulikuwa umetulazimisha kununua chakula nje. Dola zilikuwa chache. Ungekuwa wewe waziri, ungenunua mahindi au mtambo ambao ukiharibika unamsubiri fundi atoke Ulaya?

Mimi ningenunua mahindi. Nasema kweli.

Sasa sikiliza kilichotokea upande wa pili. Mwaka huohuo wa 1974, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa kifaa kidogo kiitwacho 8080, ubongo mzima wa kompyuta ndani ya kipande kinachoenea kiganjani. Januari 1975 jarida la Popular Electronics likaweka kwenye jalada lake kompyuta ya Altair 8800 iliyotumia kifaa hicho. Iliuzwa kwa vipande, unaunga mwenyewe nyumbani, kwa dola zisizofika 500. Haikuwa na kibodi wala skrini, ila swichi na vitaa vya kuwakawaka. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakaiandikia programu, na mwaka huohuo wakaanzisha Microsoft. Mwaka 1977 zikatoka Apple II, Commodore PET na TRS-80, hizo zikiwa tayari zimeungwa, unachomeka umeme unaanza kazi. IBM nao wakatoa ya kwao Agosti 1981.

Umeona? Tulifunga mlango kwa sababu ya mtambo wa kujaza chumba, wakati kompyuta ya mtu binafsi ndiyo kwanza inapiga hodi. Amri ililenga tembo ikamzuia na sungura.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema wazee wetu walikuwa wajinga. Sababu zao zilikuwa na uzito. Kosa ni kwamba sababu ziliondoka, amri ikabaki. Kompyuta ndogo zilianza kuingia miaka ya 1980, nyingi zikiwa na miradi ya wafadhili, na bado ukihitaji kibali. Sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano tuliipata mwaka 2003. Hesabu mwenyewe, kutoka 1974 ni miaka mingapi.

Na tusijifanye tumepona. Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, na kijana mwenye blogu yake ya kuandika mashairi akatakiwa kupata leseni ambayo gharama zake zilizidi shilingi milioni mbili. Blogu moja, mwandishi mmoja, akipimwa kwa mizani ya kituo cha redio. Ni yaleyale ya tembo na sungura. Sikatai kuwepo sheria. Ninachouliza ni hiki: anayeitunga amewahi kukiona kwa karibu kitu anachokitungia? Na ameweka siku ya kuirudia aone kama bado inafaa?

Nirudi kwa babu. Fundi alikuta tatizo ni tundu la chaja tu, akachomelea, mashine ikawaka. Jioni nikamfungulia babu jedwali la hesabu. Nikaandika mishahara ya watu kumi ya kubuni na jumla chini yake. Nikabadilisha mshahara mmoja, na jumla ikajibadilisha yenyewe.

Akavaa miwani. "Rudia."

Nikarudia. Akaniambia enzi zao ukikosea tarakimu moja kwenye leja, unakata mstari mwekundu na kujumlisha upya ukurasa mzima, na kurasa zote zinazoufuata. Kisha akauliza, "Kitu hiki kimeanza lini?"

Nikamweleza kuhusu VisiCalc, programu ya kwanza ya namna hiyo kwa kompyuta ndogo, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyotoka kwa ajili ya Apple II. "Mwaka 1979, babu."

Alikaa kimya kidogo. "Sabini na tisa tulikuwa kwenye vita vya Amin. Tulikuwa tunakesha ofisini kwa taa ya chemli, tunajumlisha kwa mkono." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu aliyegundua kuwa barua yake ilifika posta zamani na hakuna aliyemwambia akaichukue.

Kisha akanitaka nimfundishe. Tumefika kwenye kujumlisha safu. Kugawanya, wiki ijayo.

Na wewe, ukipata nafasi, muulize mzee wako kazi yake ilikuwaje kabla ya mashine hizi. Utapata somo ambalo halikuwa kwenye mtaala.

Alamsiki.