Rosasia: Si kila kipele usoni ni chunusi

MTU aliyetimu miaka 30 au zaidi huamini kwamba chunusi aliziacha nyuma pamoja na ujana. Hivyo, vipele vyenye usaha vikimwota puani na mashavuni, mkazi wa Thika au Ruiru huenda akakimbilia duka la vipodozi kutafuta krimu ya 'kusafisha' uso.

Hata hivyo, huenda anachougua si chunusi bali ni rosasia, maradhi ya ngozi ambayo krimu hiyo inaweza kuyazidisha.

Chunusi hutokea vinyweleo vinapozibwa na mafuta, na kwa hivyo huandamana na vijidoa vyeusi au vyeupe. Rosasia haina vijidoa hivyo. Dalili zake ni uso kupata joto ghafla, kuchoma na kuvimba, pamoja na vipele kwenye mashavu, pua, kidevu na paji la uso. Wakati mwingine macho huwasha na kuhisi kana kwamba yana mchanga. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kudhuru uwezo wa kuona.

Maelezo mengi ya kitabibu hutaja wekundu wa uso kuwa ishara kuu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na ndiyo maana Waafrika wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Hatari kubwa zaidi imo katika krimu zenye steroidi, kama vile betamethasoni na klobetasoli. Siku za kwanza vipele hutulia na uso hung'aa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu hutanuka na vipele hurejea kwa wingi. Mtumiaji akiacha, uso huvimba na kuwaka moto, naye huirudia krimu ile ile. Aliyeizoea anashauriwa aiache chini ya uangalizi wa daktari.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (Kebs) lilipiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni, lakini bado bidhaa za aina hiyo hunaswa madukani.

Tiba ifaayo huanzia kwa daktari, iwe ni katika hospitali ya Ruiru au Thika Level 5, ambaye anaweza kumwelekeza mgonjwa kwa mtaalamu wa ngozi. Dawa zinazotumika ni pamoja na krimu ya metronidazoli, asidi ya azelaiki au ivermektini, na vidonge vya doksisaiklini ambavyo mama mjamzito hapaswi kuvimeza. Nafuu huchukua majuma kadhaa.

Aidha, mgonjwa anafaa kuchunguza yanayomchochea: jua, mvuke wa jikoni, chai moto, pilipili, pombe au msongo wa mawazo. Thika na Ruiru ziko karibu na Ikweta, na jua lake ni kali mwaka mzima. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi ni muhimu kwa mchuuzi na kibarua wa shambani. Uso uoshwe taratibu kwa sabuni isiyo kali wala manukato.

Rosasia haiambukizi, wala haitokani na uchafu. Ingawa hakuna dawa ya kuimaliza kabisa, hudhibitika ikitambuliwa mapema.