Daktari Banda na Mwito wa Nyumbani

Msomaji, ukitoka Tanzania na kuifuata pwani ya magharibi ya Ziwa Nyasa kuelekea kusini, utaingia Malawi, nchi ambayo Waingereza waliiita Nyasaland. Huko, karibu na Kasungu, alizaliwa Hastings Kamuzu Banda. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, wala tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa. Yamkini ilikuwa mwaka 1898.

Alisoma katika shule za misioni ya Waskoti. Siku moja ya mtihani, akiwa mfupi wa kimo na ameketi nyuma, alisimama apate kuyaona maswali ubaoni. Msimamizi, mmisionari Cullen Young, alidhani kijana anamwibia mwenziwe, akamtoa. Wewe uliyewahi kukaa katika chumba cha mtihani huhitaji kuelezwa uchungu wake. Kijana hakurudi kubembeleza. Alishika njia kwa miguu hadi Rhodesia ya Kusini, akawa mfagiaji katika hospitali. Kisha akaendelea hadi Afrika ya Kusini, akafanya kazi katika machimbo ya dhahabu na kusoma usiku.

Mwaka 1925 watu wa kanisa lake walimsaidia kwenda Marekani. Huko alisoma historia katika chuo kikuu cha Chicago, kisha uganga katika chuo cha Meharry, akahitimu mwaka 1937. Walakini shahada hiyo haikutosha kumpa ruhusa ya kutibu watu katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Basi akaanza tena masomo huko Edinburgh, akapata ruhusa mwaka 1941. Ni katika mji huo alipokutana tena na Cullen Young. Hapa mimi hupenda kutua kidogo: wawili hao wakawa marafiki, na mwaka 1946 wakatoa pamoja kitabu cha insha za Wanyasa.

Baada ya vita alifungua chumba cha uganga London. Wagonjwa wake wengi walikuwa Wazungu, na nyumbani kwake walifika Waafrika waliozungumza habari za uhuru, Jomo Kenyatta miongoni mwao. Angaliweza kuzeekea huko kwa raha. Lakini mwaka 1953 Waingereza waliiunganisha Nyasaland na Rhodesia mbili katika Shirikisho lililotawaliwa na walowezi. Banda alilipinga kwa nguvu zote. Mwaka huo huo akahamia Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo.

Nyumbani, vijana kama Henry Chipembere na Kanyama Chiume walikuwa na bidii na ujuzi wa siasa, ila hawakuwa na mvi. Nao walijua kwamba watu hawamfuati kijana upesi. Wakamwita daktari. Akashuka Chileka tarehe 6 Julai 1958, baada ya miaka zaidi ya arobaini ugenini. Lugha ya mama ilikuwa imempotea, hata akahutubia kwa Kiingereza na mkalimani kando yake. Vijana walimsifu mbele ya umati kama mkombozi.

Machi 1959 serikali ilitangaza hali ya hatari. Banda akafungwa Gwelo hadi Aprili 1960. Kifungo kilimkuza. Katika uchaguzi wa Agosti 1961 chama chake kilitwaa viti vyote 20 vilivyopigiwa kura na Waafrika wengi. Shirikisho likavunjwa mwisho wa 1963, na tarehe 6 Julai 1964 Malawi ikawa huru.

Majuma machache baadaye mawaziri walitaka washauriwe katika mambo ya nchi. Banda hakukubali. Chiume alifukuzwa uwaziri, akakimbilia Dar es Salaam, katika nchi aliyolelewa utotoni. Chipembere alikimbia mwaka uliofuata, akafia ugenini. Mwaka 1971 Banda alifanywa rais wa maisha. Ilipofika Mei 1994 raia walipata nafasi ya kuchagua kati yake na wagombea wengine, wakamchagua Bakili Muluzi.